Hospitali tatu na orodha moja: daktari wa Nairobi anayeutaka ubingwa wa moyo

Daktari huyu ni binti wa South C, mzaliwa wa Mombasa, na babaye ni rafiki yangu wa miaka mingi. Jina lake silitaji. Alisomea udaktari hapa Nairobi, akamaliza uanagenzi katika hospitali moja ya kaunti, akafaulu mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari Marekani, na kufikia mwisho wa Januari 2025 alikuwa amesailiwa na hospitali tatu za Marekani kwa mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ndani. Kilichobaki ni kuzipanga kwa mapendeleo yake katika mfumo wa NRMP, unaowagawia waombaji hospitali, kufikia tarehe 5 Machi. Lakini magonjwa ya ndani kwake ni daraja tu. Anautaka moyo: miaka mitatu ya ubingwa, kisha miaka mitatu ya ubobezi juu yake, halafu nyumbani.

Naandika kisa hiki kwa ridhaa yake. Vijana wengi huniletea swali hili la kuchagua hospitali, na karibu wote huanza kwa kuuliza hospitali ipi ina jina. Mimi nadhani hapo ndipo wanapoanzia pabaya.

Nieleze kwanza huu moyo umetoka wapi, maana mtu asiyejua anachokiendea hawezi kuchagua njia. Akiwa mwanagenzi alimpokea msichana mjamzito wa miezi saba, anahema, hawezi kulala chali, miguu imevimba. Vali yake ya mitro, mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo, ilikuwa imekakamaa kwa makovu. Ule ndio ugonjwa wa moyo unaoachwa na homa ya baridi yabisi: mtoto anaumwa koo kwa vijidudu vya streptokokasi, hatibiwi, mwili unajishambulia, na miaka kumi baadaye vali haifunguki. Penisilini ya bei nafuu ingeuzuia. Mashine ya eko, ya kupiga picha ya moyo, iliyokuwa karibu ilikuwa hospitali nyingine, na daktari wa kuisoma alipatikana kwa simu, Nairobi. Mama na mtoto walinusurika. Vali haikupona. Tangu siku hiyo binti hajazungumzia kingine. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6, na yeyote aliyewahi kumtafutia mgonjwa wa kaunti daktari wa moyo anajua foleni ilivyo.

Sasa hospitali zenyewe.

Ya kwanza iko mashariki mwa Marekani, na ubao wake wa mlangoni umeandikwa jina la chuo kikuu ambacho hata muuza duka wa mtaani kwao amekisikia. Ya pili ni hospitali ya chuo kikuu katika majimbo ya katikati, jina lisilomshtua mtu Nairobi. Ya tatu ni hospitali ya mtaa jijini New York, wagonjwa tele, na karibu madaktari wote wanaosomea ubingwa hapo wametoka nje ya Marekani.

Baba mtu alikuwa na msimamo tangu mwanzo. "Mwanangu, jina ni jina. Ukirudi hapa na karatasi ile, nani atakuuliza habari zaidi?" Kaka wa binti, aliye Minnesota, aliitetea New York kwa sababu ya viza, na hoja yake nitaifikia. Mama aliuliza kama kuna msikiti karibu na kama baridi ya huko inavumilika. Zote tatu zilikuwa na msikiti. Baridi ni baridi. Mishahara nayo haikutofautiana kiasi cha kuamua lolote: zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, na New York inakulipa zaidi kisha kodi ya nyumba inakipokonya kilichozidi.

Binti alikuja nyumbani kwangu Jumamosi moja na kompyuta yake. "Ami, mimi nimechanganyikiwa. Baba anasema hili, kaka lile, na wote wanaonekana wana haki."

Nikamwambia tuyaache maoni ya watu, tusome majina. Programu nyingi za ubingwa Marekani huweka wazi orodha ya waliomaliza, mwaka kwa mwaka: jina, chuo alichosomea udaktari, na alikokwenda baada ya hapo. Mwombaji wa kawaida huipitia orodha hiyo kwa haraka, anaona "moyo, moyo, mapafu, saratani", anaridhika. Sisi tuliisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo, na kwa kila aliyeingia moyo tuliuliza mambo mawili: huyu alisomea udaktari wapi, na amechukuliwa na nani?

Hapo ndipo hospitali ya kwanza ilipoanza kupungua uzito. Ubao ni wa chuo kikuu, ndiyo, lakini hospitali ni tawi, mbali na kampasi kuu. Programu ya ubobezi wa moyo haiko pale; iko kampasi kuu, nayo kampasi kuu ina madaktari wake wa ubingwa, wanaowaona wakuu wa moyo kila asubuhi. Katika miaka yote iliyoorodheshwa hatukuona hata mmoja wa tawi aliyechukuliwa na kampasi kuu kwa moyo. Waliofika kwenye moyo walikuwa wachache, wengi wao wamesomea Marekani kwenyewe. Wale waliotoka vyuo vya nje, wengi waliishia kuajiriwa kama madaktari wa wadi. Ni kazi ya heshima na yenye malipo mazuri. Siyo anayoitaka yeye.

Hospitali ya pili ilikuwa na programu yake ya moyo ndani ya jengo lile lile. Karibu kila mwaka iliwabakiza watu wake, na kati ya waliobakizwa kulikuwa na waliosomea Karachi, Khartoum na Lagos. Hili la pili ndilo nililolitafuta. Programu inayobakiza watu wake lakini ni wazawa tu haimsaidii binti wa Nairobi. Inayowabakiza na wa nje imeshajifunza kuzisoma karatasi zetu na kushughulikia viza zetu.

New York ilituonyesha sura nyingine: wengi walikwenda kwenye figo na magonjwa ya kuambukiza. Hizo ni fani ambazo Marekani nafasi zake nyingi hubaki wazi kila mwaka, tofauti na moyo na mfumo wa chakula ambako watu hukanyagana. Walioingia moyo kutoka hospitali ile walikuwa wamengoja, wengine kwa mwaka mmoja wa uongozi wa madaktari wanafunzi, wengine kwa miaka ya kazi ya wadi.

Kama angekuwa anautaka ubobezi wa figo, ningemshauri vingine kabisa. Huenda ningemwambia asiondoke. Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho kilichokabidhiwa taasisi ya figo ya Afrika Mashariki, chini ya mradi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika uliogawa vituo vya umahiri: figo Kenya, saratani Uganda, moyo Tanzania. Hilo la moyo kuwa Tanzania alilijua, na tulilizungumza. Tulizungumza pia kuhusu Aga Khan ya hapa Nairobi, ambako kuna mafunzo ya ubobezi wa moyo baada ya MMed, yaani shahada ya ubingwa ya hapa. Ni njia halali, na si ya mtu aliyekosa kwingine tu. Kilichomzuia ni kwamba kuanza MMed kungemaanisha kuuacha msimu wa Marekani uliokuwa tayari mkononi, na ubingwa wa hapa, kwa kawaida, hauhesabiwi kule: anayetaka ubobezi wa Marekani hurudia ile miaka mitatu tangu mwanzo. Aliona heri aanze huko anakotaka kumalizia masomo.

Narudi kwenye kalenda, kwa sababu hili ndilo vijana wasilolihesabu, na kwangu ndilo lililoamua kisa.

Mafunzo ya magonjwa ya ndani ni miaka mitatu, kwa hiyo kijana anadhani ana miaka mitatu ya kujijenga. Hana. Maombi ya ubobezi wa moyo hupelekwa Julai, mwanzo wa mwaka wa tatu. Usaili unafuata, na majibu hutoka mapema Desemba. Anayeanza Julai 2025 anaomba Julai 2027. Ana miezi ishirini na minne, na miezi hiyo haina thamani sawa. Mwaka wa kwanza ni wa kuzama: wadi, usiku, kujifunza mfumo wa kompyuta, kujifunza hata namna Wamarekani wanavyosimulia mgonjwa. Hakuna daktari wa moyo atakayekukumbuka kwa miezi ile kama hukupangiwa kufanya naye kazi.

Halafu kuna utafiti. Mkutano mkuu wa American Heart Association huwa Novemba, na muhtasari wa kazi hupelekwa miezi kadhaa kabla, katikati ya mwaka. Ili usimame na bango lako Novemba ya mwaka wa pili, muhtasari uwe umekwenda ukiwa bado mwaka wa kwanza. Mkutano wa American College of Cardiology huja Machi au Aprili, nao muhtasari wake hutakiwa kabla ya mwaka kwisha. Maana yake, daktari mgeni asiyempata mtu wa kumshika mkono ndani ya miezi sita ya mwanzo huomba ubobezi akiwa na karatasi tupu upande wa utafiti.

Na barua. Barua ya mkuu wa programu ni lazima, na zinazobaki ni chache mno. Wakuu wa programu za moyo wanafahamiana. Barua ya mtu wanayemjua hupokelewa tofauti na ya mtu wasiyemjua, hata iwe na sifa zile zile. Daktari wa tawi lisilo na ubobezi huandikiwa na madaktari wazuri wa moyo wanaotibu wagonjwa siku nzima, ila hawamo kwenye mikutano ile.

Kwa hiyo nilimpa binti maswali ya kuwauliza madaktari walio mwaka wa pili katika kila hospitali, siyo wakuu. Mzunguko wako wa kwanza wa moyo, yaani zamu ya kufanya kazi katika idara ya moyo, ulikuwa mwezi gani? Nani alikupa mradi wa kwanza, au ulimtafuta mwenyewe? Ile miezi sita ya mafunzo ya kujichagulia, ambayo masharti ya tangu 2022 ya ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo ya madaktari Marekani, yanaitaka kila programu iitoe, kwenu imepangwa kabla ya Julai ya mwaka wa tatu au baada yake? Swali la mwisho linaonekana dogo. Lakini miezi ya kujichagulia ikipangwa yote mwaka wa tatu, inakuja baada ya maombi kwenda.

Hospitali ya pili ilijibu kwa undani: mzunguko wa moyo ndani ya nusu ya kwanza ya mwaka wa kwanza, na kila anayetaka moyo hupewa mlezi wa idara ifikapo Oktoba. Tawi lilijibu kwa adabu na kwa ujumla. New York, daktari mmoja kijana alimjibu kwa ukweli ambao mimi namheshimu kwao: hapa utakuwa daktari hodari wa wagonjwa mahututi, ila moyo utaupigania peke yako.

Ikabaki viza, na hoja ya kaka.

Hospitali mbili za mwanzo zilitoa J-1, viza ya mafunzo. New York ilikubali H-1B, viza ya kazi. J-1 ya daktari ina sharti la kurudi na kukaa nchini kwako kwa miaka miwili baada ya mafunzo, isipokuwa upate msamaha, ambao kwa madaktari wengi hupatikana kwa kufanya kazi miaka mitatu katika eneo lenye upungufu. Kila jimbo lina nafasi 30 za mpango huo kwa mwaka. H-1B haina sharti la kurudi. Kaka aliona jambo ni jepesi: kwa nini ujifunge?

Hoja ni nzuri kwa mtu anayetaka kubaki. Dada mtu hakutaka kubaki, na alilisema hilo mbele ya wote bila kupepesa. Lakini hata tungeliweka hilo kando, H-1B ilikuwa na vikwazo viwili. Kwanza, daktari hawezi kuombewa H-1B bila kufaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa USMLE, na Step 3 hufanyiwa Marekani pekee. Hakuwa ameufanya. Angelazimika kupata viza ya matembezi, kusafiri, kuketi mtihani wa siku mbili na kungoja matokeo, yote kabla hospitali haijaanza makaratasi ya Julai. Pili, kikomo cha H-1B kwa kawaida ni miaka sita: mitatu ya magonjwa ya ndani na mitatu ya moyo, basi, imekwisha. J-1 ina kikomo cha miaka saba. Mwaka huo mmoja wa ziada ndio wa kujifunza kuzibua mishipa na kupanua vali kwa mpira, kazi ambayo yule msichana wa wadini aliihitaji. Tena programu za ubobezi zinazopokea J-1 ni nyingi kuliko zinazokubali H-1B.

J-1 nayo ina mlango wake Nairobi. Wizara ya Afya hutakiwa kuandika barua kwamba Kenya inahitaji mabingwa wa fani ile na kwamba daktari ameahidi kurudi kuitumikia. Barua hiyo hufuatiliwa Afya House, Cathedral Road, na ubobezi ukianza hutakiwa nyingine, ya fani mpya. Nawasihi wanaosoma haya wasiichukulie kama karatasi ya kupitisha tu. Ni ahadi iliyoandikwa. Nimewaona vijana wakiisaini huku wakiuliza njia ya kuikwepa, na inaniuma, kwa sababu wizara inayosoma barua hizo ndiyo hiyo hiyo tunayoidai mishahara ya wanagenzi. Najua ugumu upo pande zote: mgomo wa 2024 ulichukua siku 56, na moja ya madai lilikuwa ni mwanagenzi alipwe shilingi 206,400 za mkataba wa 2017 badala ya 70,000 walizopendekeziwa. Daktari akiahidi kurudi, nasi tuwe na kazi ya kumpa. Hilo ni deni letu, na bado sijaona likilipwa vya kutosha.

Siku za mwisho lilizuka jambo la hofu. New York walimwandikia barua pepe ya uchangamfu kumwambia jinsi walivyompenda, na baba akabadili kauli: "Basi waweke hao kwanza. Anayekutaka ndiye wa kwenda naye." Hofu yake ilikuwa ya mzazi, kwamba binti akiwapanga chini atawakosa wote.

Hapa inafaa kuujua mfumo. Kanuni inayogawa nafasi inafanana na posa: ombi lako linapelekwa kwa wa kwanza kwenye orodha yako, akikataa au akijaza na anaowapenda zaidi, linakwenda kwa wa pili, na kadhalika. Wa pili hajui kuwa ni wa pili, na hakupunguzii chochote kwa hilo. Toleo linalotumika lilisanifiwa upya miaka ya 1990 na mwanauchumi Alvin Roth, ambaye mwaka 2012 alipewa Nobeli ya uchumi pamoja na Lloyd Shapley kwa kazi ya aina hii. Kwa mwombaji maana yake ni moja: panga unavyopenda kwa dhati. Kumtanguliza usiyempenda zaidi hakukuongezei nafasi, kunakuondolea uliyempenda. Tena matokeo yanakufunga kisheria, ukipangiwa, unakwenda. Nilimwelezea mzee hivyo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa benki aliielewa haraka kuliko sisi madaktari.

Mwisho wa kuthibitisha orodha ulikuwa saa tatu usiku wa New York, yaani saa kumi na moja alfajiri ya Alhamisi hapa kwetu, na Ramadhani ilikuwa imeanza. Hakungoja hadi hapo, lakini aliniambia aliamka daku akaifungua tena kuhakikisha mpangilio haujabadilika. Ya pili ilikuwa juu, tawi likafuata, New York mwisho.

Watanielewa vibaya wakidhani nasema jina halina maana. Kama ile ya kwanza ingekuwa kampasi kuu yenyewe, ningempangia juu bila kusita, kwa sababu jina la kampasi kuu huja na watu, na watu ndio wanaoandika barua. Pia kama angekuwa hajui anachokitaka, tawi lingekuwa chaguo la busara: mafunzo yake ni mazuri, na kiwango cha wanaofaulu mtihani wa ABIM, bodi ya magonjwa ya ndani ya Marekani, kinachotangazwa kwa kila programu, kilikuwa cha kuridhisha. Na New York ndiyo ingemfaa anayetaka kushika wagonjwa wengi mapema na kubaki Marekani. Nilichokipima ni njia ya mtu mmoja kwenda fani moja, kwa viza moja, kurudi nchi moja.

Majibu yalitoka Ijumaa ya tarehe 21 Machi, saa moja jioni kwa saa za Nairobi, futari ikiwa mezani. Alipata hospitali ya pili. Alianza Julai.

Kwa wanaochagua sasa kuna jambo jipya. Septemba 2025 serikali ya Marekani iliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya walio nje ya nchi hiyo. Yeye isingemgusa, lakini anayeipanga hospitali juu kwa sababu tu inatoa H-1B aulize kwa maandishi, kabla ya kuthibitisha orodha, nani atailipa.

Binti aliniandikia kwamba mzunguko wake wa moyo ulikuja mwezi aliokuwa ameambiwa, na mlezi wake alimpa mradi wa wagonjwa wa vali. Amelenga muhtasari wa katikati ya 2026. Maombi ni Julai 2027, majibu Desemba, na yakiwa mema itahitajika ile barua ya pili ya Afya House. Baba yake amesema foleni ya Cathedral Road ataipanga yeye mwenyewe.